Rangi Haibebi Mgonjwa

(Maelezo ya kamati ya gari la wagonjwa, yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka. Yamechapwa hapa kwa maombi ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, kaka na dada zetu, vijana wetu, na ndugu mliosafiri kutoka nyumbani Upareni kuja kukaa nasi leo:

 

Mwaka jana, katika mkutano kama huu, mlitukabidhi kazi moja. Mlisema: tafuteni gari la wagonjwa, liwe limetumika lakini liwe la kweli, liende likakae kwenye zahanati yetu kule juu. Mlichanga, wengine kwa fedha taslimu, wengine kwa ahadi mkazitimiza, na fedha iliyofika kwa mhazini ni shilingi milioni 31 na laki nne. Leo wengi mlitarajia kuona gari limeegeshwa hapo nje, limefungwa utepe. Halipo. Tumesimama hapa kueleza kwa nini halipo, na kwa nini tunaamini kwamba kutokuwapo kwake ni faida kwenu.

Kamati ni ya watu wanne. Mmoja ni fundi wa magari aliyestaafu. Mmoja ni muuguzi mkunga mstaafu. Mmoja ameendesha gari la wagonjwa la serikali kwa miaka mingi. Wa nne ni mtu wa mahesabu. Tuliyojifunza hatukuyajua siku mliyotuchagua, hata fundi wetu hakuyajua yote, na tumeyapata kwa kulipia. Tutaanza na hilo la kulipia ili lisije likasemwa na watu wengine huko nje.

Gari la kwanza

Gari la kwanza tuliliona Dar es Salaam, kwenye uwanja wa kuuzia magari. Lilikuwa Toyota HiAce nyeupe, paa la juu, mstari mwekundu ubavuni, kimulimuli juu, king'ora kinalia. Ndani kulikuwa na kitanda na matundu ya oksijeni ukutani. Muuzaji akasema limetoka Japani, lilikuwa gari la wagonjwa la mji fulani huko, bei milioni 28. Ndugu zetu, tulifurahi. Tulipiga picha. Baadhi yenu mlizipokea picha zile kwenye simu mkatuma pongezi. Tukalipa arubuni ya shilingi milioni mbili siku ileile, kwa sababu tuliambiwa kuna mnunuzi mwingine yuko njiani.

Siku ya tatu fundi wetu alirudi peke yake na tochi. Alikaa chini ya gari na ndani ya gari saa mbili. Aliporudi alituambia maneno machache: "Hili halijawahi kubeba mgonjwa hata mmoja."

Tueleze alivyojua, kwa sababu elimu hii itawafaa hata siku mtakapokuwa mnanunua gari la shule au la kanisa.

Kwanza, alinyanyua ncha ya ule mstari mwekundu. Stika iliyokaa miaka mingi juani huiacha rangi ya chini yake ikiwa mpya kuliko rangi ya pembeni, kama mkono unavyobaki mweupe chini ya saa. Hapa rangi ya chini na ya pembeni zilikuwa zimechakaa sawasawa. Maana yake stika ilibandikwa juzi.

Pili, alifungua kitambaa cha dari chini ya kimulimuli. Akakuta vumbi la chuma la kutoboa matundu bado limelala pale, na waya mmoja mwembamba umepelekwa hadi kwenye tundu la kuwashia sigara. Gari la wagonjwa lililojengwa kiwandani halina waya mmoja. Lina mafungu mazima ya waya, lina fyuzi zake peke yake, na mara nyingi lina betri ya ziada ya kuendesha vifaa vya nyuma ili betri ya kuwashia injini isiishe.

Tatu, alitazama sakafu. Magari ya wagonjwa ya Japani yenye kujengwa juu ya HiAce, ambayo Toyota huyaita HiMedic, huwa na meza maalum ya kuwekea kitanda, iliyotengenezwa kupunguza mtikisiko, na kitanda hujifunga kwa kufuli kwenye sakafu. Hapa kitanda kilikuwa kimeshikizwa kwa skrubu za mbao. Nayo yale matundu ya oksijeni ukutani, fundi alipong'oa kimoja alikuta nyuma yake hakuna bomba. Yalikuwa mapambo.

Mwisho tukadai karatasi, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kutoa shilingi moja. Gari likitoka Japani huja na cheti cha kufutwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje. Kwenye cheti hicho imo namba ya usajili ya zamani, na imo kazi ya gari. Kule Japani magari ya kazi maalum, yaani ya wagonjwa, ya zimamoto, ya polisi na mengine ya namna hiyo, husajiliwa kwa kundi la namba zinazoanza na 8. Gari la mizigo huanza na 4 au na 1. Cheti cha gari letu kilikuwa na 4. Lilikuwa gari la kusambazia mizigo. Pengine lilikuwa likipeleka maua, pengine samaki. Machela haikuwahi kuingia.

Tulirudi kwa muuzaji. Baada ya mvutano tulirudishiwa milioni moja na nusu. Laki tano haikurudi. Laki tano hiyo tumeilipa sisi wanne kutoka mifukoni mwetu, na mhazini anayo stakabadhi. Hatusemi haya ili tusifiwe. Tunasema ili mjue kwamba fedha yenu iko kamili, na kwamba haraka yetu ndiyo iliyotuponza.

Gari la pili

Baada ya aibu ile tuliapa: safari hii tutatafuta gari la kweli kabisa, lenye ushahidi. Ndugu zetu walioko Uingereza wakajitolea kutusaidia. Kule magari ya wagonjwa ya huduma ya afya ya taifa yakifikisha muda wake huondolewa kazini na mengi huuzwa mnadani. Mmoja wao alikwenda kuliona Mercedes-Benz Sprinter la rangi ya njano, akatupigia simu ya picha, akazunguka nalo huku fundi wetu akimwelekeza: piga magoti hapa, fungua pale, gusa kile.

Ndugu zetu, hili lilikuwa la kweli. Na ajabu ya mambo ni kwamba halikuwa na king'ora, halikuwa na kimulimuli, wala halikuwa na neno lolote la hospitali ubavuni. Lilikuwa limevuliwa kila kitu. Huko gari la dharura likistaafu huvuliwa alama zake kabla ya kuuzwa, kwa sababu mtu binafsi haruhusiwi kutembea barabarani na taa za buluu. Kwa hiyo tukajifunza jambo ambalo hatukulitegemea: gari lililostaafu kwa halali huja limevuliwa nguo, na lile linalokuja limevaa kila pambo ndilo la kuulizwa maswali.

Lakini kovu halivuliki. Juu ya paa palikuwa na matundu yaliyozibwa kwa vifuniko vya mpira. Ubavuni, jua likipiga kwa mshazari, herufi za zamani zilisomeka kama kivuli. Mbele kwenye boneti kivuli cha neno kilikuwa kimeandikwa kinyume, kulia kwenda kushoto, ili dereva aliye mbele alisome sawasawa kwenye kioo chake. Ubavuni mwa bodi palikuwa na tundu la kuchomekea umeme wa nje, wa kuchaji betri na vifaa gari linapokuwa limeegeshwa kituoni. Sakafu ilikuwa ya kipande kimoja, imepanda kidogo kwenye kuta ili damu na maji visijifiche kwenye kona. Reli za kitanda zilikuwa zimelika. Ngazi ya nyuma ilikuwa imekwanguka katikati, pale ambapo miguu ya watu wawili wawili ilipanda na kushuka miaka yote. Muuguzi wetu alipoiona ngazi ile kwenye simu alinyamaza, kisha akasema, "Hapo pamepita watu."

Karatasi nazo zilishuhudia. Kitabu cha usajili cha Uingereza hutaja aina ya bodi, na hiki kilitaja gari la wagonjwa. Tena wana mtihani wa ubora wa gari wa kila mwaka, unaoitwa MOT. Gari la kawaida la mtu huanza kufanyiwa likifikisha miaka mitatu, lakini la wagonjwa huanza likifikisha mwaka mmoja. Matokeo ya kila mtihani yanapatikana bure kwa kuingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali yao: lilifaulu au lilishindwa, lilishindwa kwa nini, na siku hiyo mita ilisoma ngapi. Ukiona mita imepanda mwaka hadi mwaka bila kurudi nyuma, unajua hakuna aliyeichezea. Ukiona mwaka huu inasoma pungufu ya mwaka jana, ondoka.

Dereva wetu akaongeza jambo ambalo mita haisemi. Gari la wagonjwa husimama likiwa linaunguruma. Linasimama nje ya nyumba ya mgonjwa, linasimama mlangoni kwa hospitali likisubiri zamu, na injini haizimwi kwa sababu vifaa na joto vinaitegemea. Saa hizo hazihesabiwi kwenye kilometa. Kwa hiyo injini ya gari la wagonjwa imezeeka kuliko mita yake inavyodai. Kwa gari la zimamoto ni vivyo hivyo na zaidi, kwa kuwa injini yake ndiyo inayoendesha pampu ya maji huku gari limesimama. Ndiyo maana anayejua kununua gari la zimamoto huuliza pampu imefanya kazi saa ngapi kabla hajauliza kilometa.

Basi, tulikuwa na gari la kweli, na bei yake pamoja na meli, ushuru na wakala wa forodha ingeingia ndani ya fedha yetu. Kwa nini hatukulinunua?

Kwa sababu ya swali ambalo dereva wetu alituuliza tukiwa tayari tumeshaanza kupigiana makofi. Alisema: "Nani kati yenu atanishikia gari hili kwenye kona ya juu ya mto wakati wa masika?"

Ukweli na thamani ni maswali mawili

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo, na tunaomba mtusikilize vizuri. Sisi tulidhani ukishajua kwamba gari ni la kweli, umeshajua thamani yake. Sivyo. La kwanza ni swali la historia: gari hili lilifanya kazi gani? La pili ni swali la kesho: gari hili litatufanyia kazi gani sisi? Jibu la swali la kwanza halijibu la pili.

Kuna watu Marekani na Uingereza ambao hukusanya magari ya dharura ya zamani kama wengine wanavyokusanya stempu. Kwao maswali haya mawili ni karibu moja. Kwa mfano, Marekani zamani magari mengi ya wagonjwa yalijengwa na viwanda vilevile vilivyojenga magari ya kubebea maiti, na mara nyingi yalimilikiwa na kuendeshwa na nyumba za mazishi. Cadillac ya mwaka 1959 iliyojengwa na Miller-Meteor inaweza kuwa ya wagonjwa, inaweza kuwa ya maiti, na yalikuwapo yaliyofanya kazi zote mbili. Mkusanyaji atapekua kila skrubu ili ajue, kwa sababu la maiti lililofungwa king'ora baadaye ili lipande bei si sawa na lililozaliwa la wagonjwa. Kwake king'ora cha asili ni fedha, na rangi ya asili hata ikiwa imebabuka ni fedha. Lakini gari lake hulala gereji na hutoka siku ya maonyesho.

La kwetu halitatoka siku ya maonyesho. Litatoka saa nane usiku, mvua inanyesha, mama ana uchungu tangu jana, na barabara ni ile tunayoijua.

Sprinter lile lilikuwa limejengwa kwa ajili ya lami. Likiwa na vifaa vyake linafika karibu tani tano. Dereva wa Uingereza huhitaji daraja la juu zaidi la leseni kuliko la gari dogo ili aliendeshe. Tumbo lake liko chini. Gia zake ni za kujiendesha. Injini yake inasimamiwa na kompyuta, na kwenye moshi lina chujio la masizi ambalo huziba likiendeshwa taratibu safari fupifupi, yaani hasa mwendo wetu wa mlimani. Chujio likiziba, kompyuta hupunguza nguvu ya injini. Tumuulize fundi yeyote wa Same mjini: kifaa cha kusoma kompyuta ile kiko wapi? Spea yake iko wapi? Atakwambia Dar es Salaam, na pengine atakwambia agiza. Gari lile lingekuwa kweli kabisa, na kufikia vuli ya pili lingekuwa banda la kuku la kweli kabisa.

HiMedic ya kweli kutoka Japani nayo tuliifikiria. Spea za HiAce zinapatikana kila mahali, hilo ni jema. Lakini ni gari la petroli la lita 2.7, la chini, lenye mkia mrefu. Kwa ndugu zetu wa tambarare, walio kando ya lami, tungewashauri wachukue hilo kesho asubuhi. Kwa milima yetu, hapana.

Gari la tatu

Gari la tatu halijawahi kuwa gari la wagonjwa, na hakuna anayedai kwamba lilikuwa. Ni Land Cruiser ndefu, ile mnayoiita mkonga, iliyotumika kwenye mradi uliokwisha. Injini yake ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, pampu yake ni ya kimekanika. Fundi wa Same anaifahamu kama anavyofahamu jiko la nyumbani kwake. Magurudumu yote manne yanavuta. Daraja letu la magogo linaibeba.

Baada ya yaliyotupata, hili tulilipekua zaidi ya yote. Namba ya chesisi tuliisoma kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye kibati, tukailinganisha na kadi ya gari. Namba ya injini vilevile. Tulilala chini tukagonga fremu kwa nyundo ndogo kusikiliza kutu. Tulitazama kama bodi imewahi kuchomelewa. Tulihakikisha halidaiwi kodi wala mkopo. Tulidai daftari la matengenezo, likaletwa, na tulikuta oili imebadilishwa kwa wakati.

Muuguzi wetu ndiye aliyepinga. Alisema, "Nyinyi wanaume mnatazama injini. Mimi nimewabeba kina mama kwenye gari la namna hii. Springi zake za nyuma ni ngumu kama mbao, zimetengenezwa kwa mzigo. Mama mwenye uchungu si mzigo." Tukamwambia: sawa, tujaribu. Tukaazima gari la aina hiyohiyo, tukaweka godoro nyuma, na yeye mwenyewe, katika umri wake, akalala chali kutoka zahanati hadi lami. Aliposhuka alikuwa hawezi kunyooka. Akatupa orodha: springi za nyuma zipunguzwe ukali na shokapu zibadilishwe, kitanda kifungwe kwenye sakafu, kiwe na mikanda mitatu, mkunga apate kiti kilichofungwa, chenye mkanda, kando ya kichwa cha mgonjwa, mtungi wa oksijeni usimame kwenye kishikio cha chuma na tarehe ya kupimwa kwake ionekane, taa nyeupe ndani, ndoano ya kutundikia dripu, na sakafu ya kuoshwa kwa maji. King'ora alikitaja mwisho. Alisema, "Kule kwetu mtamlilia nani? Mbuzi?" King'ora na kimulimuli vitafuata vibali vya polisi kama sheria inavyotaka, lakini havitatangulia springi.

Fundi amekadiria kazi hiyo yote. Ikikamilika, tutakuwa na gari la wagonjwa ambalo mkusanyaji wa Marekani angelicheka. Nasi tunasema acheke.

Wale mnaodhani tunashusha hadhi ya jambo hili, kumbukeni mpango wa serikali wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na sasa unapatikana nchini kote kwa kupiga 115 bila malipo. Pale gari la wagonjwa lisipopatikana karibu, mpango ule hutumia madereva wa kawaida wa jamii, wenye magari yao ya kawaida, waliosajiliwa na kufundishwa, ambao hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama. Magari yale hayana rangi wala king'ora. Yanabeba kina mama na wanafika hai. Gari letu, tukifanikiwa, tutaomba liunganishwe na mpango huo.

Fedha na masharti

Sasa tuseme wazi kuhusu fedha. Gari hilo ni milioni 58 baada ya kuomba tupunguziwe. Matengenezo na vifaa vya ndani ni milioni 9. Tunaomba pia ziwekwe kando milioni 8 kwa ajili ya matairi, bima na matengenezo ya mwaka wa kwanza, kwa sababu gari la msaada lisilo na fedha ya matairi ni zawadi ya miezi sita. Jumla ni milioni 75. Tunazo 31 na laki nne. Pungufu ni milioni 43 na laki sita. Ni watu 436 wakitoa laki moja moja. Waliokuja leo hawafiki idadi hiyo, lakini kila mmoja wenu ana ndugu ambaye hakuja.

Tunajua tunawaomba zaidi ya mliyokwisha kutoa. Tungeweza kununua gari la kwanza, tukalifunga utepe, tukapiga picha, nanyi mngeondoka hapa mmefurahi. Tunawaambia bila kuficha: lilikuwa jambo jepesi, na lilitujaribu.

Tuna masharti mawili ambayo tunaomba mkutano uyapitishe. La kwanza: hatutanunua kabla halmashauri haijaandika barua ya kukubali kumlipa dereva na kutoa mafuta. Mazungumzo yanaendelea, barua bado. La pili: gari likishakabidhiwa litapewa namba za SM, yaani litakuwa mali ya halmashauri, na mnajua gari zuri lina marafiki wengi. Tunataka mkataba uandike kwamba makao yake ni zahanati yetu, na kwamba halihamishwi bila chama kuarifiwa na wazee wa kata kuridhia.

Na jambo moja lisilohitaji fedha. Hata mkonga hauruki. Zile kona tatu za juu ya mto zinahitaji mitaro na mawe kabla ya masika. Tunawaomba vijana mtakaokwenda nyumbani Desemba mtenge siku mbili za msaragambo. Babu zetu walichimba mifereji milimani kwa mikono. Sisi kona tatu hazitushindi.

Ndugu zetu, mwaka juzi dada yetu mmoja alijifungulia juu ya lori la tangawizi, katikati ya magunia, kwenye mojawapo ya kona hizo. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Hatutamtaja, ndugu zake wako humu ndani, na wametoa mchango wao kabla ya wengi wetu. Kila gari tulilolikagua, tulijiuliza swali moja tu: je, lingepita pale, usiku ule? La kwanza lilikuwa la uongo na lisingepita. La pili lilikuwa la kweli na lisingepita. La tatu lingepita.

Mhazini amekaa kwenye meza karibu na mlango, ana daftari na stakabadhi. Picha za magari yote matatu na karatasi zake ziko pale. Njooni mzitazame, mtuulize, hata mtugombeze. Kisha mwandike majina yenu.

 Mungu aibariki Upare, na awalinde kina mama wetu wa mlimani.